Bwana asema ofa zangu zatumaliza

Kwa Somo,

Shikamoo. Natumai u mzima, wewe na jamaa zako. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Kisauni na bwana wangu pamoja na mama mkwe. Nafua na kupiga pasi kwenye hoteli moja ya Pwani ya Kaskazini. Bwana ni kibarua bandarini, leo kaitwa, kesho hakuitwa. Tangu wageni wapungue baada ya Pasaka nasi tumepunguziwa siku za kazi, kwa hivyo mshahara umekuwa nusu na matumbo yamebaki yale yale.

Mwaka jana nilianza kutazama video za wanawake wa Marekani wanaonunua vitu kwa kuponi. Mtu anajaza troli mpaka juu, keshia anapiga hesabu inapita dola mia, kisha yule mama anatoa vikaratasi vyake na kadi ya zawadi, hesabu inashuka mpaka dola tatu. Somo, nilikuwa silali. Nikasema, kama wao wanaweza na pesa zao zote, mimi mwenye shida nisiweze kwa nini?

Nikachukua kadi za pointi za supamaketi tatu, nikapakua programu zao kwenye simu, nikawa nakusanya karatasi za ofa wanazogawa mlangoni. Jumamosi nikiwa sina kazi naanzia Nyali, nakwenda Bamburi, namalizia mjini. Palipoandikwa "nunua mbili upate moja bure" hapanipiti.

Sasa kabati limejaa. Nina shampuu, nina dawa ya kulainisha nguo, nina kile chakula cha asubuhi cha maboksi ambacho watoto wamekionja wakarudi kwenye mahamri yao. Unga wa ngano niliouwahi kwa ofa umeingia wadudu. Mwezi uliopita viatu vya shule vya mwanangu wa pili vilikwisha soli, baba yake akaniuliza kama nina chochote nimeweka. Sikuwa nacho. Akaenda akafungua kabati, akatazama weee, akaniambia, "Basi mtoto avae shampuu." Tangu hapo nikitaja supamaketi ananuna, na mama mkwe hakosi la kuongeza: enzi zao mtu alikwenda Marikiti na kikapu na akarudi na chenji.

Somo, mimi si mbadhirifu. Kila risiti yangu imeandikwa chini nimepunguziwa kiasi gani, na zote nimeziweka. Bwana hataki hata kuziangalia.

Kuna mengine. Hoteli ilitupa vocha ya supamaketi ya shilingi 5,000 mwisho wa mwaka. Sijaitumia, nangoja ofa kubwa. Mwenzangu kazini anataka kuinunua kwa 4,000 taslimu, na mimi viatu bado sijanunua. Pia chama chetu tuko kumi na wawili, na mwenyekiti amekuja na wazo kwamba badala ya kupeana pesa tununue vocha kwa pamoja, maana kuna duka limeahidi kutuongezea asilimia 5 tukinunua nyingi. Tena wiki jana mafuta yaliandikwa bei moja kwenye rafu, kwa keshia yakatoka bei nyingine, nikalipa tu kwa sababu foleni ilikuwa ndefu nyuma yangu. Na wifi yangu kanitumia kiungo cha WhatsApp kwamba duka fulani linasherehekea miaka yake na linagawa vocha za bure, ujibu maswali tu na kuwatumia watu ishirini. Sijabonyeza bado.

Niambie, nifanyeje hizi kuponi zinikubali kama zinavyowakubali wale? Au bwana ana haki?

Ni mimi,
Mama Ofa, Kisauni

Tanbihi: Pointi za Bonga, zile Safaricom wanazotupa kwa kutumia laini yao, zimekuwa nyingi kwenye simu yangu. Je, nazo zina maana yoyote jikoni?

*

Somo anajibu

Marahaba, mwanangu. Umeniletea barua yenye mambo ya wiki nzima, nami nitaanza na lile unaloogopa. Bwana ana haki nusu. Ile nusu nyingine nitamrudia mwenyewe huko mbele.

Kwanza hizo risiti. Ile hesabu ya chini inaonyesha ulichopunguziwa. Haionyeshi kwamba hicho kitu hukuwa na haja nacho. Tuseme dawa ya kulainisha nguo ni shilingi 350, ukachukua mbili ukapewa ya tatu bure. Risiti inasema umepata faida ya 350. Mkoba wako unasema zimetoka 700, na kabla hujaingia dukani haukuwa na safari ya kutoa hata shilingi moja kwa ajili ya dawa hiyo. Nani hapa mkweli? Wewe unafua kwa mkono, unaanika kwenye jua na upepo wa Kisauni. Hapo umelipa 700 kununua tatizo la mahali pa kuyaweka.

Sasa wale wa Marekani. Usisafirie nyota ya mwenzio. Kule kuponi ni mpango wa kiwanda. Kiwanda kinachapisha kikaratasi, kwa miaka mingi kikitokea ndani ya magazeti ya Jumapili na siku hizi kwenye simu, mteja anampa keshia, na duka linakwenda kudai pesa hizo kwa kiwanda pamoja na senti kidogo za usumbufu. Kwa kuwa anayelipa ni kiwanda, duka linaweza kuweka punguzo lake juu yake, na mteja akaongeza kadi ya zawadi aliyoinunua kwa bei ya chini. Matabaka matatu yanakutana kwenye kitu kimoja, ndiyo unaona dola mia zinakuwa tatu. Mchezo huo ni wa zamani. Kampuni ya Coca-Cola ilikuwa ikigawa vikaratasi vya glasi ya bure tangu miaka ya 1880. Na hata huko, tazama vizuri kilichomo ndani ya zile troli: dawa za meno, soda, biskuti, sabuni. Kitunguu na nyanya huvioni, kwa sababu kitunguu hakina kiwanda cha kukitolea kuponi.

Hapa kwetu kiwanda kikitaka kuuza zaidi kinazungumza na duka, bei inashushwa kwenye rafu, na kila anayepita anaipata, mwenye kadi na asiye na kadi. Mara nyingine wanafunga sabuni mbili kwa utepe, au wanaandika "gramu zaidi bure" kwenye pakiti, au kuna namba ya kukwangua na kutuma ujumbe. Ofa za kwenye programu zipo, ila mara nyingi ni bei ile ile moja iliyoshushwa, hazipandani juu ya nyingine. Kwa hivyo jasho lako la kukusanya karatasi halikuongezei kitu. Kule ujanja uko kwenye kikaratasi. Mombasa ujanja uko kwenye kuijua bei. Ukishalishika hili, nusu ya barua yako imejibiwa.

Na pointi? Soma nyuma ya kadi au kwenye programu, utaona unapata pointi moja kwa kila kiasi fulani ulichotumia. Tuseme ni pointi moja kwa shilingi mia, na pointi moja ni shilingi moja. Hiyo ni asilimia moja. Ili upate shilingi mia lazima uache dukani elfu kumi. Ukiwa tayari unanunua hapo, kadi itoe, kwa nini uache chako? Ila kupanda matatu kwenda duka la mbali kwa ajili ya pointi ni kumlipa makanga akiba yako. Kisauni, Nyali, Bamburi, mjini, urudi: ongeza nauli zote, na tuktuk ya mwisho kwa sababu mikono imejaa, kisha utoe kwenye lile punguzo. Jumamosi nyingi utakuta umefanya kazi ya bure, na miguu inauma.

Nakuomba ununue daftari dogo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Usiandike kila kitu, utachoka wiki ya pili. Andika vitu kumi tu vinavyokula pesa zako kila mwezi: unga wa sima, mchele, unga wa ngano, mafuta, sukari, majani, maziwa, maharagwe, sabuni ya kufulia, na cha kumi unakijua wewe. Mbele ya kila kimoja andika bei ya kilo moja au lita moja. Bei ya pakiti usiiandike, pakiti inadanganya. Chukua mafuta. Tuseme chupa ya lita 3 ni shilingi 960 na dumu la lita 5 ni 1,650. Macho yanasema dumu kubwa ndilo rahisi. Gawanya: la lita 3 ni 320 kwa lita, la lita 5 ni 330. Kubwa ndilo ghali, tena siku hiyo limewekwa mbele kabisa na kibandiko chekundu. Maziwa vile vile, pakiti mbili zafanana kwa macho, moja ni nusu lita na nyingine iko chini ya hapo. Simu yako ina kikokotoo, simama pembeni ugawanye, hakuna atakayekufukuza.

Ukiwa na daftari, maneno ya ofa yanakuwa namba. "Nunua mbili upate moja bure" ni punguzo la theluthi, zuri kama ni sabuni ya kufulia ambayo utaitumia upende usipende. "Nunua mbili, ya tatu nusu bei" linasikika karibu sawa, lakini ni kama asilimia 17 tu. Na "bei ilikuwa hii, sasa ni hii" hutalijua mpaka uwe umeiandika ile ya zamani kwa mkono wako.

Tena uelewe ofa yenyewe imewekewa nini. Supamaketi inaweza kukuuzia sukari bila faida, hata kwa hasara. Sukari hiyo ni chambo. Imewekwa mwisho kabisa wa duka ili uipitie shampuu kwanza. Samaki mjanja anakula chambo anaacha ndoana: ingia, chukua sukari na mafuta ya ofa, lipa, toka. Wewe mwanangu ulikuwa unakula chambo na ndoana na kamba, kisha unaleta nyumbani risiti ya mvuvi. Na angalia wakati wanaotoa ofa kubwa, ni mwisho wa mwezi watu wakiwa wamelipwa. Bwana wako hulipwa siku anayoitwa, kwa hivyo ofa ikifika wewe huna. Hapo ndipo pa kuweka bahasha: kila siku ya kazi toa kidogo, andika "unga na mafuta", iguse mwisho wa mwezi peke yake.

Hili la wadudu kwenye unga linaniuma, kwa sababu hao wa video hawakai Mombasa. Hapa hewa ina maji na chumvi. Sukari inashikana, chumvi inatoka jasho, biskuti zinalegea, sabuni ya unga inakuwa tofali. Unga wa ngano ukikaa chini ya kitanda penye joto, wadudu wameshapata nyumba. Kipimo changu ni hiki: chakula kikavu kisizidi kile nyumba itakachomaliza kwa mwezi mmoja, labda na nusu, na kiwe ndani ya ndoo yenye mfuniko wa kubana. Sabuni ya mche na mafuta vinaweza kukaa zaidi. Kabla ya Ramadhani mtu anaweza kuvuka kipimo kidogo, maana wakati wa Shaaban tende, tambi, ngano na sukari hupata ofa, halafu mfungo ukishika viazi, mihogo na nazi vinapaa bei na hakuna kadi ya pointi itakayokusaidia. Ila hapo unajua kabisa vitakwisha lini.

Na huko ndiko nataka nikae kidogo, kwenye vitu visivyo na kadi. Hebu jumlisha matumizi ya jikoni kwako: mboga, nyanya, vitunguu, ndizi, nazi, kitoweo. Pesa nyingi inapita huko, na huko bei inabadilika kwa saa. Wewe uko Kisauni, soko la Kongowea uko karibu nalo kuliko watu wengi wa mji huu. Malori yanashusha usiku na alfajiri, nyanya na vitunguu kutoka Loitoktok na Taveta, ndizi za Taveta, machungwa kutoka Tanzania. Asubuhi mapema unapata kilicho kizuri kwa bei ya wachuuzi kama mko wawili watatu wa kugawana kreti. Jioni muuzaji anataka kwenda kwake, fungu linakuwa kubwa. Kati ya hapo, saa nne mpaka alasiri, ndio wakati mbaya wa kununua na ndio wakati wengi wetu tunakwenda.

Bahari nayo ina ofa zake. Kaskazi ikivuma, kuanzia kama Novemba hadi Machi, bahari imetulia, vyombo vinatoka na samaki anashuka bei. Kusi ikiingia baada ya Machi mawimbi yanachafuka, samaki wa mwambao anakuwa adimu na ghali, na hapo ndipo maharagwe, kunde na dagaa wakavu wanapochukua nafasi yake. Mama mkwe wako haya yote anayajua bila daftari. Mpe yeye kazi ya samaki na mboga, umwachie na pesa yake mkononi. Utashangaa atakavyoacha kuisema Marikiti ya enzi zao.

Kuna watu wanabeza kununua kadogo, mafuta ya kupimiwa, majani ya shilingi kumi. Kweli kwa lita au kwa kilo ni ghali. Lakini wanaosema hivyo hawajaamka na shilingi hamsini na watoto wanakwenda shule. Siku ya shida pima kadogo na usione haya. Siku bwana akiitwa kazini mfululizo, ndipo unaruka kwenda kwenye lita 3.

Sasa vocha, na hili usilicheleweshe hata wiki. Usiiuze kwa 4,000. Mwezi huu si utanunua unga, mafuta, sukari, sabuni? Vinunue hivyo hivyo kwa vocha, bila kuongeza kitu kimoja cha anasa. Zile pesa taslimu ulizokuwa uvinunulie zinabaki mkononi, na hizo ndizo viatu vya mtoto. Kwa njia hiyo vocha imegeuka kuwa shilingi 5,000 kamili, na yule mwenzako hajala elfu yako. Kabla hujaenda soma masharti nyuma yake: tarehe ya mwisho, kama inakubaliwa matawi yote, na kama wanarudisha chenji. Maduka mengi hayarudishi, basi jaza mpaka upite 5,000 kidogo kwa kitu cha orodha, kilichozidi ulipe. Na ukilipa kwa simu kwenye tili ya Lipa na M-Pesa, ile namba ya malipo ya duka, hukatwi ada, kumbe ukienda kutoa taslimu kwa wakala unakatwa. Kwa wale wachuuzi wadogo wanaopokea kwa Pochi la Biashara anayelipa hukatwa kama anayetuma pesa, kwa hivyo kwenye kibanda chenye Pochi beba noti.

Kwa nini nakuharakisha? Vocha ni pesa uliyomkopesha mwenye duka bila riba, na duka linaweza kufa. Sisi wa Mombasa tunakumbuka Nakumatt, ile ya Nyali na ile ya Likoni, duka ambalo hakuna aliyedhani litafungwa. Januari 2018 liliwekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura lifilisiwe. Duka likifika hapo, mwenye vocha na mwenye pointi anasimama nyuma ya foleni ya mabenki na wenye mali, na foleni hiyo haifiki mwisho.

Na kwa kuwa mmepunguziwa siku kazini, neno la pembeni. Vocha ya mwisho wa mwaka ni zawadi, chukua na useme ahsante. Lakini wakija siku moja kusema sehemu ya mshahara italipwa kwa vocha, kataeni. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 17, inataka mshahara ulipwe kwa pesa za Kenya.

La chama umeshalijua jibu, nadhani. Mwambie mwenyekiti wazo ni zuri kwa duka. Asilimia 5 ya shilingi 2,000 ni mia moja kwa kila mtu, na kwa hiyo mia mnakubali pesa zenu zifungwe kwenye duka moja, zisiweze kulipa ada wala daktari wala nauli ya msiba. Mchezo wa kupeana pesa ni mchezo kwa sababu zamu yako ikifika unapewa pesa na hakuna anayekuuliza. Kama mnataka faida ya wingi, iko njia nyingine. Beli moja ya unga wa sima ni pakiti kumi na mbili za kilo mbili. Ninyi ni kumi na wawili. Mtu mmoja aende duka la jumla, anunue beli, kila mmoja achukue pakiti yake siku ile ile. Fanyeni hivyo kwa unga, kwa katoni ya sabuni, kwa gunia la mchele, ila pimeni mchele mbele ya macho ya wote na mizani ya duka, maana vyama vingi vimevunjwa na nusu kilo.

Kuhusu bei ya rafu na bei ya keshia: foleni isikutie haya. Piga picha bei ya rafu kwa simu kabla hujachukua, hasa kitu cha ofa, kwa sababu mara nyingi kibandiko cha ofa iliyokwisha kimesahauliwa pale, au mashine haijabadilishwa. Ukilipa, usitoke mlangoni bila kusoma risiti. Ukikuta tofauti nenda dawati la huduma kwa wateja na picha yako, kwa upole, wengi hurudisha pesa papo hapo. Wakikataa, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko ya wateja waliodanganywa bei, na sheria ya mwaka 2010 iliyoiunda imekataza hilo.

Kiungo cha wifi yako kifute. Duka lenye vocha ya kutoa halikuombi uwasumbue watu ishirini. Anayekuomba hivyo anatafuta namba zenu na baadaye atataka PIN. Ukipata ujumbe wa simu wa aina hiyo kwenye Safaricom, upeleke kwa 333 bila malipo, na wifi mwambie asione vibaya.

Sasa bwana. Kaa naye siku hana zamu, bila watoto. Usimpelekee risiti, mpelekee daftari lenye vitu kumi na mpango wa vocha na viatu. Mwambie wazi kwamba dawa ya kulainisha nguo na shampuu hazinunuliwi tena mpaka kabati liwe tupu, na zilizozidi utawauzia wenzako wa chama kwa bei uliyonunulia, na yale maboksi ya asubuhi pia, lazima kuna mtoto wa mtu anayapenda. Na ile nusu asiyo na haki: muulize lita ya mafuta siku hizi ni kiasi gani. Asipojua, Jumamosi ijayo mwende pamoja, yeye ashike orodha, wewe ushike pesa. Mwanamume aliyesimama mbele ya rafu ya mafuta na shilingi elfu moja mkononi hawi mwepesi tena wa kusema mtoto avae shampuu. Maneno yale hayakuwa mazuri, na unaweza kumwambia hivyo siku hiyo, si kabla.

Na Bonga zako: ndiyo, zina maana. Tangu 2020 Safaricom imewaruhusu wateja kulipia bidhaa kwa pointi hizo kwenye tili za Lipa na M-Pesa. Piga *126# uone unazo ngapi na zinakupa shilingi ngapi, ulinganishe na unachopata ukizichukulia vifurushi vya simu, kisha uchague kilicho kikubwa. Kama ni unga, chukua unga.